Kabla ya Kuiamini Namba, Chunguza Hewa Iliyomo Kwenye Kasha

Moshi wa Kambi Muru, kijiji cha Kibera jijini Nairobi, hauhitaji mtambo ndipo ujulikane kuwa upo. Anayepita vichochoroni alfajiri ananusa makaa, mafuta taa na plastiki inayochomwa pamoja na taka, na kiangazi kikishika, vumbi nalo haliko mbali. Pua haiwezi kusema kiasi: moshi huu ni mara ngapi ya ule wa Kawangware, unapanda saa ngapi, na je, mama aliyebadilisha jiko amepunguza chochote ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi? Ndiyo maana vipima chembe vya bei nafuu vimeingia mikononi mwa walimu, vikundi vya vijana na mafundi wa vifaa vya elektroniki. Ni vifaa vinavyotosha kiganjani, kama SDS011 ya Nova au PMS5003 ya Plantower. Feni ndogo huvuta hewa ipite mbele ya mwale wa leza, kila chembe humulikwa na kutawanya mwanga, na kifaa hugeuza mimuliko hiyo kuwa mikrogramu kwa kila mita ya ujazo. Nairobi ilishavijaribu vifaa vya ukoo huu mapema. Tarehe 1 Mei 2016 vipimaji sita vilitundikwa katika shule nne, kituo kimoja cha jamii na makao makuu ya UNEP kule Gigiri. Watafiti waliochambua data zake hadi Januari 2017 walisema namba hizo ni dokezo lenye manufaa kwa wananchi, ila haziwezi kushika nafasi ya vituo rasmi, kwa kuwa urekebishaji wa vipimo na udhibiti wa ubora vilikuwa bado havijapatiwa dawa.

Sehemu kubwa ya tatizo hilo imo mahali ambapo watu hawapaangalii, yaani kwenye kasha. Kipima chembe hakiijui hewa ya kichochoroni. Kinaijua hewa iliyofika mbele ya leza yake, na kabla ya kufika hapo hewa hiyo imepita tundu, bomba na pembe za plastiki, ikapashwa joto, ikakaushwa, pengine ikachanganyika na ile iliyokwisha pimwa na kutolewa. Shauri langu kwa yeyote anayetaka kutundika kifaa cha namna hii Kibera au Kawangware ni moja: usitoboe kasha kabla ya kuiga mwendo wa hewa na mwenendo wa joto ndani yake. Iga kwanza kwa kalamu na karatasi, kisha kwa kompyuta ikiwa unayo. Kazi ya siku chache itakuepusha na mwaka mzima wa namba ambazo baadaye hutaweza kuzitetea mbele ya mtu anayejua kuuliza.

Wanaojenga mitambo mikubwa ya kunasa chembe ndogo kuliko atomi walilazimika kulikubali jambo hili. Chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia kulikuwa na mtambo ulioitwa Borexino, uliotumia takriban tani 280 za kimiminika kinachomulika ili kunasa chembe za nyutrino zitokazo kwenye jua. Wanasayansi waliitafuta ishara dhaifu sana ya nyutrino zinazozaliwa katika mzunguko wa kaboni, naitrojeni na oksijeni, lakini poloniamu-210 iliyokuwa ikitoka kwenye utando wa nailoni ilikuwa ikisombwa hadi katikati ya mtambo na kuifunika ishara hiyo. Iliyokuwa ikiisomba ni mikondo ya kimiminika, na mikondo ililetwa na tofauti ndogo za joto kati ya majira na majira. Wakaufunika mtambo kwa tabaka nene la sufu ya madini, wakatandaza vipimajoto, wakaiga kwa kompyuta mwendo wa kimiminika ili wajue utulivu upatikane wapi na vipi, kisha wakadhibiti joto la sehemu ya juu ya tangi. Mwaka 2020 walitangaza kuwa wamezinasa nyutrino hizo. Kule CERN, chumba kikubwa cha gesi cha mtambo wa ALICE, chenye ujazo wa karibu mita 90 za ujazo, kilisanifiwa ili joto lisitofautiane zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi, maana kasi ya elektroni ndani ya gesi hubadilika joto likibadilika. Hakuna anayehitaji utulivu wa kiwango hicho Kambi Muru. Utaratibu wao, hata hivyo, unafaa kuigwa: uliza joto linaingilia wapi, linatokea wapi, na linaisukuma hewa kuelekea wapi.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo linaloongoza. Chukua kasha la kawaida la plastiki ya kijivu, sentimita 20 kwa 15, kimo sentimita 8. Mchana wa Februari, jua la Nairobi likiwa karibu wima, kila mita ya mraba hupokea takriban wati 1,000, kwa hiyo kifuniko cha kasha hilo hupokea wati 30. Plastiki ikimeza nusu, zimeingia wati 15. Sasa tazama vilivyomo ndani. SDS011 hutumia mkondo wa miliampea 70 hivi kwa volti 5, yaani theluthi moja ya wati, na hata ukiongeza saketi ya kutuma data, jumla haizidi wati moja. Jua basi linaleta joto mara kumi na tano na zaidi ya lile la vifaa vyenyewe. Kuta zote za kasha, upepo ukiwa hafifu, hutoa nje kama wati 1.2 kwa kila nyuzi moja ambayo kasha limeizidi hewa. Gawanya: ndani kutakuwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 12 au 13. Likiwa jeusi tofauti hukaribia 23, na hewa ya nje ikiwa nyuzi 26 umeshafika mlangoni mwa 50, ukomo uliowekwa na mtengenezaji wa SDS011. Ukilipaka rangi nyeupe, tofauti hushuka hadi kama nyuzi 6. Ukiweka kipande cha pili cha bati au plastiki nyeupe juu yake, na kuacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite katikati, hubaki nyuzi moja au mbili. Hesabu hii haikuhitaji kompyuta yoyote, na tayari imekuonyesha kwamba kopo la rangi litakufaa zaidi ya feni ya ziada.

Kuhusu feni, wengi hudhani ile iliyomo ndani ya kipima chembe itapoza kila kitu. Ifanyie hesabu. Tuseme inavuta lita moja kwa dakika. Katika kimo cha Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita, na lita hiyo moja kwa dakika hubeba wati 0.017 tu kwa kila nyuzi inayopanda. Ili itoe wati moja nje ya kasha, ingebidi hewa ipate moto kwa nyuzi 60. Feni hiyo kazi yake ni kuleta chembe, na kupoza kasha ni kazi ya kuta, kivuli na matundu.

Lipo swali gumu zaidi, na ndilo linaloharibu namba nyingi: hewa inapofika mbele ya leza, ina joto la nje au la ndani? Jibu limo katika urefu wa bomba. Lita moja kwa dakika kupitia bomba la milimita 6 huenda kwa kasi ya karibu sentimita 60 kwa sekunde, mwendo uliotulia usio na msukosuko. Bomba hilo likipita sentimita 15 ndani ya kasha lenye joto, hewa huwa imekwisha kupata zaidi ya tisa ya kumi ya tofauti ya joto kabla ya kumulikwa. Likiwa na sentimita 2 tu, hupata chini ya nusu. Mafundi wawili wanaweza kununua kifaa kilekile siku ileile, mmoja akaweka bomba refu ili likae vizuri, mwingine akakibandika kifaa ukutani mwa kasha, kisha wakatoa namba mbili tofauti kutoka paa moja na kila mmoja akadhani mwenzake ana kifaa kibovu.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya unyevu. Chembe za salfeti, naitreti na chumvi zilizomo katika moshi hunyonya maji hewa ikiwa na unyevu mwingi, zikavimba, zikatawanya mwanga mwingi kuliko zilivyo kavu. Asubuhi ya Julai, hewa ya nje ikiwa nyuzi 15 na unyevu asilimia 90, chembe zimevimba vya kutosha kuongeza namba bila moshi kuongezeka. Hewa hiyohiyo ikipashwa hadi nyuzi 20 ndani ya kasha, unyevu wake hushuka hadi asilimia 66, ingawa hakuna tone la maji lililotoka. Wengi huweka kipima unyevu cha DHT22 ndani ya kasha na kutumia namba yake kurekebisha kipimo cha chembe. Bomba likiwa fupi, leza inaona chembe zilizovimba za asilimia 90, huku DHT22 ikisema asilimia 66, na fomula ya kurekebisha inaamini hewa ni kavu. Matokeo ni moshi wa asubuhi unaoonekana mkubwa kuliko ulivyo. Bomba likiwa refu, chembe zimekauka njiani, na ukirekebisha kwa unyevu wa kituo cha hali ya hewa utakosea upande wa pili. Ukikumbuka kwamba kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa chembe ndogo ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, utaona kosa la mikrogramu chache si la kupuuzwa.

Hapo ndipo huja pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na ninaliheshimu. Watu husema: kwa nini kuhangaika na mikondo ya hewa wakati unaweza kukiweka kifaa karibu na mtambo rasmi kwa mwezi mmoja, ukapata fomula ya kurekebisha, mambo yakaisha? Kulinganisha na mtambo rasmi ni lazima, na hakuna uigaji unaoweza kukuondolea wajibu huo. Lakini fomula iliyopatikana juu ya paa la zege lenye upepo, kwenye kiwanja chenye miti, imebeba ndani yake joto la kasha la mahali pale. Hamisha kasha juu ya mabati ya Kambi Muru, joto lake linabadilika, na pamoja nalo unyevu unaoonwa na leza. Mnamo 2017 ulichapishwa utafiti wa halijoto katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru, uliofanywa kwa vipimajoto vidogo, nao ulionyesha kuwa mitaa hiyo huwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya lile la kituo cha Idara ya Hali ya Hewa hapo Dagoretti Corner. Kituo hicho kiko baina ya Kibera na Kawangware, mwendo wa miguu tu. Ikiwa hewa ya nje inatofautiana hivyo katika umbali mdogo, hewa ya ndani ya kasha lililopigiliwa kwenye bati itatofautiana zaidi. Uigaji hukusaidia kujenga kasha ambalo ndani yake hakubadiliki sana likihamishwa, na ndipo fomula yako inaposafiri salama.

Dagoretti penyewe pana funzo la wazi. Vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye mabamba ya mshazari pande zote na paa la tabaka mbili, kimeinuliwa zaidi ya mita moja juu ya nyasi. Hewa inapita, jua halipiti. Msomaji wa Kibera anaweza kuupata ulinzi wa namna hiyo kwa sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa kwa nafasi, au kwa viwiko viwili vya bomba la maji taka la milimita 75 vilivyounganishwa midomo ikitazama chini, mtindo ulioanzishwa na wapima hewa wa kujitolea wa Stuttgart, Ujerumani. Viwiko hivyo hupatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kasoro yake ni kwamba vingi ni vya kijivu au kahawia, na vikiachwa juani bila kupakwa rangi nyeupe, yale tuliyohesabu juu ya kifuniko yanarudi yaleyale.

Mabati nayo yana tabia zake mbili, moja ya mchana na nyingine ya usiku. Mchana bati jembamba hupata moto haraka na kuinua mkondo wa hewa moto unaopanda kando ya kasha, ukichukua moshi wa jikoni unaopenya kwenye mapengo ya paa. Ukipigilia kasha moja kwa moja juu yake, unapima jiko la mwenye nyumba na kuliita hewa ya mtaa. Usiku wa Januari, mbingu zikiwa wazi, bati hupoteza joto kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na kasha lililoligusa hupoa nalo. Hapo unyevu wa ndani hupanda badala ya kushuka, na umande unaweza kutua hata kwenye kioo cha leza. Mtengenezaji wa SDS011 ameweka ukomo wa unyevu wa asilimia 70, kwa hiyo usiku wa namna hiyo kifaa kinafanya kazi nje ya ahadi yake. Tumia mlingoti unaoliinua kasha kama mita moja juu ya paa, upande usio na bomba la moshi, na kipande cha mbao kati ya mlingoti na kasha ili chuma kisivute joto.

Baada ya kalamu kufanya kazi yake, kompyuta ina mengi ya kuongeza, hasa juu ya jambo ambalo hesabu ya karatasi hailioni vizuri: je, hewa iliyotolewa inarudi kuvutwa tena? Tundu la kuvutia na la kutolea yakiwa kwenye uso mmoja wa kasha lililofungwa, kifaa kinaweza kuzungusha hewa yake kwa dakika kadhaa, na moshi uliopita mlangoni usionekane mpaka umekwisha. Programu ya OpenFOAM haina malipo, chimbuko lake ni Imperial College London, na kasha dogo kama letu halihitaji zaidi ya kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Anza na umbo rahisi, kasha, bomba na kifaa kama tofali, bila kuchora kila skrubu. Acha hewa ya ndani ya bomba iwe tulivu, usiiwekee hesabu za msukosuko zisizohitajika. Mifano mingi ya kujifunzia huweka kanieneo ya hewa paskali 100,000, ya usawa wa bahari. Badilisha iwe karibu 83,000, la sivyo umeiga kasha la Mombasa. Usiache nje joto linalosafiri kama miale kati ya kuta na anga, kwa sababu katika kasha dogo lenye upepo hafifu ni sehemu kubwa ya hesabu. Kisha punguza ukubwa wa vyumba vya wavu wa hesabu kwa nusu na uendeshe tena. Joto la mbele ya leza likibadilika zaidi ya nusu nyuzi, wavu wako bado ni mpana, na picha yake nzuri ya rangi isikudanganye.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya vyuo vikuu, kwamba mtaa unaohangaika na maji na vyoo hauna nafasi ya kuiga hewa kwenye kompyuta, na kwamba kinachotakiwa ni kengele tu, si usahihi. Kengele ina kazi yake, na kifaa kibovu hutoa hata hiyo. Ila wananchi hawapimi hewa kwa ajili ya kengele pekee. Wanapima ili waende kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, au serikali ya kaunti wakiwa na ushahidi chini ya Kanuni za Ubora wa Hewa, ili shule ijue ihamishe jiko la uji wapi, ili mradi wa majiko uulizwe umeleta nini. Katika kila shughuli ya namna hiyo atakuwepo mtu wa upande wa pili mwenye mtaalamu wake, na swali la kwanza la mtaalamu litakuwa juu ya unyevu na joto. Mtaa maskini ndio unaohitaji kujiandaa zaidi, kwa kuwa hauwezi kumudu kupima mara ya pili. Na nyingi ya hesabu zilizotajwa hapa hazizidi kugawanya na kuzidisha kwa kiwango cha kidato cha pili.

Uigaji wowote, wa karatasi au wa kompyuta, hauna thamani usipopimwa kwa kitu halisi. Nunua vipimajoto vitatu vya DS18B20, ambavyo hukosea kwa nusu nyuzi tu. Kimoja kiwe mdomoni mwa bomba, kimoja karibu na leza, kimoja nje kivulini. Visome kila dakika, kwa sababu kasha la gramu 300 za plastiki huitikia wingu linalopita kwa dakika sita au saba, na ukisoma kila saa hutaona kitu. Uigaji ukisema ndani kuwe na nyuzi 2 zaidi na kipimo kikisema 6, amini kipimo, kisha utafute ulichosahau, ambacho mara nyingi ni ukuta wa bati ulio jirani unaorudisha joto. Stima ikipotea na kurudi, tupa sekunde 30 za kwanza za kila kuwashwa, feni ipate mwendo wake. Na kwa kuwa leza ya SDS011 imeahidiwa saa 8,000 pekee, pungufu ya mwaka mmoja wa kazi bila kupumzika, siku ya kuibadilisha weka kifaa kipya katika kasha lilelile, bomba la urefu uleule, likitazama upande uleule, na uandike hayo yote kwenye daftari pamoja na picha ya paa, ili atakayesoma namba za Kambi Muru miaka mitano ijayo ajue zilipita njia gani kabla ya kufika kwake.